Afishi haiko mapambo



Leo tunazungumzia afishi. Wengine wanauliza: «Afishi ya nini tena, si tuko na WhatsApp?» Tukumbuke kisha uchaguzi wa Desemba 2018. Leta ilikata intaneti karibu siku 20. Simu tulikuwa nazo mkononi, lakini picha zetu hazikufika popote. Karatasi iliyobandikwa ukutani, hakuna mtu anaweza kuizima akiwa Kinshasa.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini walijua hiyo zamani. Wakati wa ubaguzi wa rangi, wasanii waliokimbilia Gaborone waliunda kundi Medu pamoja na wenyeji wa Botswana. Medu maana yake mizizi. Afishi zao zilivushwa mpaka kwa siri. Walijiita wafanyakazi wa utamaduni, siyo mastaa.

Na walibuni karakana ya kuchapa inayoingia ndani ya sanduku ya safari, isiyohitaji umeme. Kadre ya mbao, kitambaa chembamba, rangi: basi. Hawakutaka tu kupelekea watu afishi. Walitaka kila mtaa ujichapie zake.

Pretoria ilielewa nguvu hiyo. Tarehe 14 Juni 1985, askari wake waliingia Gaborone usiku, wakaua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu. Kundi likavunjika. Lakini wale waliokwisha kujifunza kuchapa, ujuzi walibaki nao.

Sasa siye tunapashwa kufanya nini?

Kwanza, tusitegemee mchoraji mmoja. Kila kartiye iwe na vijana watano wanaojua kuchapa. Mmoja akikamatwa, kazi inaendelea.

Pili, afishi moja, neno moja. Na liwe neno ambalo mama muuza ndizi analisoma akipita na mzigo wake. Kifaransa cha iniversite tukiache kwenye diplome zetu.

Tatu, jina la mtu lisiwekwe chini. Afishi ni ya wote.

Wengi wetu tuko na diplome, kazi hamna. Lakini mikono tuko nayo, na wakati pia. Siku ya posho tunaanza kadre ya kwanza. Mwenye mbao alete. Mwenye pazia jepesi la zamani, alete pia.