Mbuga Husomwa kwa Kalenda: Kuainisha Udongo Mweusi wa Usukumani kwa Shimo, Mvua na Nyufa



1. Utangulizi

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya upimaji wa udongo tulichimba shimo kwenye mbuga moja mkoani Shinyanga. Ulikuwa mwezi Machi, mvua imekolea. Hatujafika sentimita 80, maji yakaanza kujaa. Kuta za shimo zilikuwa zimepakwa tope na sepetu, hata rangi tuliisoma kwa kukisia. Kwenye fomu, mahali pa nyufa, niliandika: "Hakuna."

Septemba nilirudi kijijini kwa shughuli nyingine, nikapita palepale. Ufa mmoja ulimeza mkono wangu hadi kiwiko. Mama mwenye shamba alinikuta nimepiga magoti, akacheka: "Mwanangu, mlikuja ukiwa umeshiba. Njooni ukiwa na njaa, ndipo mtaujua."

Mada hii ni ufafanuzi wa maneno hayo. Hoja yangu ni moja: udongo wa mbuga hauwezi kuelezwa kwa siku moja ya shimo, wala hauwezi kuainishwa kwa takwimu za mvua peke yake. Unahitaji vyote viwili, na kiungo chake ni ufa. Ufa ni kipimo ambacho udongo umejitengenezea wenyewe, nasi tumezoea kukipita bila kukisoma.

2. Mbuga ni pete ya mwisho ya mnyororo

Anayetoka Mwanza kwenda Shinyanga huuona mpangilio huu hata bila kushuka garini. Juu kuna vilima vya mawe ya matale. Chini yake kuna mteremko wa kichanga chepesi ambacho Wasukuma hukiita luseni. Ukishuka zaidi unakutana na itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Kisha, katika maeneo mengi, huja ibushi, udongo wenye chokaa, na bondeni kabisa mbuga yenyewe, nyeusi na tambarare. Majina hubadilika kidogo toka wilaya hadi wilaya, ila mpangilio ni uleule.

Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ndiye aliyeupa mpangilio wa namna hii jina la kitaalamu. Mwaka 1935 alipendekeza neno katena, lenye maana ya mnyororo kwa Kilatini: aina za udongo zinazopokezana kwenye mteremko mmoja na kujirudia kila kilima na bonde. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu kubwa ya Tanganyika akiandika alichokiona njiani. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1947. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla yake. Milne aliwaeleza wataalamu wa dunia kwamba pete hizo zimefungamana.

Kufungamana huko ndiko kunakoizaa mbuga. Maji yanayoshuka kutoka kwenye matale hubeba silika, kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka. Bondeni hayana pa kutokea haraka, kwa hiyo madini hayo hubaki na kuunda mfinyanzi wa jamii ya smektaiti. Chembe zake zimepangwa kama kurasa za kitabu: maji yakiingia kati ya kurasa kitabu kinavimba, yakitoka kinasinyaa. Kalsiamu inayozidi huganda kuwa vijiwe vyeupe. Nao weusi wa mbuga umewadanganya wengi. Hauthibitishi kuwapo kwa mboji nyingi, kwa sababu hata mboji kidogo, ikishikana sana na mfinyanzi wa aina hii, hutosha kuutia rangi. Ndiyo maana mbuga nyeusi tii inaweza kuwa na upungufu wa naitrojeni na fosforasi.

3. Shimo: tunachokitafuta

Shimo la wasifu huchimbwa hadi mita 1.5 au 2, ukuta mmoja ukielekea jua. Kwenye mbuga, mambo manne hayana budi kuandikwa.

La kwanza ni mfinyanzi. Kwa mfumo wa kimataifa unaoitwa Msingi wa Rejea wa Dunia, na pia kwa mfumo wa Marekani, udongo huu hauingii kundi la Vetisoli, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, mpaka mfinyanzi ufikie angalau asilimia 30. Shambani hupimwa kwa vidole: donge lililoloweshwa husokotwa kamba nyembamba na kukunjwa pete. Pete ikikaa bila kupasuka, mfinyanzi upo wa kutosha. Maabara huthibitisha baadaye.

La pili ni nyuso zilizosuguana. Udongo unapovimba hauna nafasi ya kutanukia, hivyo mapande yake husukumana na kuteleza kimshazari. Huacha sura laini inayong'aa, yenye michirizi, kama ngozi ya kambare aliyetolewa majini sasa hivi. Mifumo yote miwili inadai tabaka lenye dalili hizi, au lenye mabonge ya umbo la kabari, liwe na unene wa angalau sentimita 25 na lianze ndani ya mita moja ya juu. Ukuta uliopakwa tope huzificha. Ndiyo sababu ukuta wa shimo humenyuliwa kwa ncha ya kisu, haukatwi kwa sepetu.

La tatu ni chokaa. Matone ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 hudondoshwa kila tabaka, na kina ambacho povu huanza kutoka huandikwa kwa sentimita.

La nne ni kiwango cha kusinyaa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kijiti cha udongo chenye urefu wa sentimita 10 kikiwa kimelowa hubaki sentimita 9.2 kikikauka. Tofauti, 0.8, ukiigawa kwa 9.2 unapata takriban 0.087. Kama mita nzima ya udongo ina tabia hiyo, jumla ya kusinyaa ni karibu sentimita 8.7. Kwa udongo ambao haujakamilisha masharti ya Vetisoli lakini unayaelekea, mfumo wa Marekani hutumia sentimita 6 ndani ya mita moja kuwa mpaka wa kuutambua. Mkulima hahitaji hesabu hiyo, kwani nguzo zake za uzio zilizoinama humwambia. Mjenzi wa Embakasi, Nairobi, kwenye udongo wa namna hii, naye huondoa udongo mweusi wote mpaka afikie tabaka gumu, ndipo aweke msingi.

4. Mvua na joto: kalenda inavyosema

Sehemu kubwa ya Usukumani hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Shinyanga mjini hupata takriban milimita 800 kwa mwaka. Juni hadi Septemba mvua ni kama hakuna. Wastani wa joto la hewa ni karibu nyuzi 24 za selsiasi, na mwezi wa joto zaidi hautofautiani sana na wa baridi zaidi.

Mfumo wa Marekani huzigeuza takwimu hizi kuwa sifa za udongo. Mahali pasipopimwa joto la udongo moja kwa moja, wapimaji wa nchi za joto wamezoea kuongeza nyuzi 2.5 juu ya joto la hewa. Kwa Shinyanga tunapata zaidi ya nyuzi 26. Kwa kuwa ni juu ya 22, na tofauti ya misimu haifiki nyuzi 6, utaratibu wa joto ni isohaipathemiki: moto mwaka mzima, bila baridi ya kuzungumziwa.

Kuhusu unyevu, chombo kilichotumika zaidi ni modeli ya Franklin Newhall ya mwaka 1972. Inauchukulia udongo kama mtungi ambao kwa kawaida hupewa ujazo wa milimita 200. Mvua ya kila mwezi humiminwa ndani, jua hunywa, kisha tunahesabu siku ambazo mtungi ni mkavu. Penye kiangazi kama cha Shinyanga, jibu huwa utaratibu wa ustiki: udongo hukauka siku 90 au zaidi kwa mwaka, lakini una msimu wa kutosha wa kukuza mazao.

5. Udongo mmoja, majina mawili

Hapa mifumo miwili inaachana njia. Msingi wa Rejea wa Dunia, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022, umeamua kwa makusudi kutotumia hali ya hewa katika kuainisha. Jina litoke kwenye shimo, tabianchi ielezwe kando. Mbuga yetu itaitwa Vetisoli, na sifa kama Peliki kwa weusi wake na Kalsiki kama tabaka la chokaa limetimia. Jina hilo halisemi kama mvua hapo ni milimita 500 au 1,200.

Mfumo wa Marekani unaitia kalenda ndani ya jina. Lakini tazameni jambo ambalo wengi wetu tuliosoma kwa kukariri tulilipita. Kwa aina nyingine za udongo, mfumo huo huuliza unyevu wa sehemu maalumu ya wasifu. Kwa Vetisoli huuliza nyufa. Zikiwa na upana wa milimita 5 au zaidi, katika unene wa sentimita 25 au zaidi ndani ya nusu mita ya juu, zikakaa wazi jumla ya siku 90 au zaidi kwa mwaka, huo ni Usteti. Zikikaa wazi siku chache kuliko hizo, ni Udeti. Kwenye nchi kame, ambako nyufa hazifungi hata siku 60 mfululizo, ni Toreti. Tena sharti linasema hesabu ni ya udongo usiomwagiliwa, kwa hiyo jaruba la Mwea huko Kenya haliainishwi kwa maji ya mfereji.

Kwa nini nyufa? Kwa sababu kwenye mbuga hadithi ya mtungi hailingani na ukweli.

6. Pale kipimamvua kinapopotosha

Mtungi hujazwa kutoka juu. Mbuga hunywa kwa njia tatu. Mvua za kwanza za Novemba huporomoka ndani ya nyufa na kulowesha sentimita 60 au 80 chini, wakati juu bado kukavu. Maji ya mlimani nayo hushuka kupitia luseni na itogolo na kutuama bondeni. Mvua inayolowesha kutoka juu ni fungu la tatu tu, nalo ndilo pekee linalofuata hadithi ya mtungi.

Takwimu za setilaiti hazituokoi. Hifadhi ya CHIRPS, inayotoa makadirio ya mvua tangu 1981, ina mraba wa takriban kilomita 5. Ndani ya mraba mmoja hukaa kilima, mteremko na mbuga, wote wakigawiwa mvua sawasawa. Aliye juu ya luseni na aliye bondeni wanajua kwamba hawakupata sawa.

Ushahidi upo shambani. Wakulima wa Shinyanga hupanda dengu kwenye mbuga mvua zinapoelekea ukingoni, na zao hilo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Ukiendesha modeli kwa mvua ya kituo peke yake, mtungi huanza kupungua Mei, na hesabu ya siku kavu inaanza mapema. Dengu zinatoa maua hazijaisoma modeli. Aliyeainisha kwa kituo anaweza kuipa mbuga kiangazi kirefu kuliko inachokipata, na kumkataza mkulima zao ambalo tayari liko sokoni.

Nyufa hazina kosa hilo. Maji yatoke juu, chini au pembeni, ufa hufunga udongo unaposhiba na hufunguka unapoona njaa.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila upimaji wa mbuga uwe na kalenda ya nyufa. Vifaa ni kamba ya mita 10, rula na waya mwembamba. Kila dekadi, yaani kila siku kumi, siku zilezile ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolea taarifa zake, msomaji hupima upana wa nyufa zinazokatwa na kamba na kina ambacho waya unazama. Kazi hii mwalimu au kijana wa kijijini anaiweza. Mwaka mmoja hutoa masomo 36, na miaka michache hutuonyesha mwaka wa kawaida ukoje.

Pili, shimo lifunguliwe mara mbili, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Fedha zikitosha safari moja tu, iwe ya kiangazi.

Tatu, takwimu za mvua ziandikwe pamoja na umbali wa kituo, miaka iliyotumika na nafasi ya kituo kwenye mteremko. Wastani wa miaka 30, kama 1991 hadi 2020, una maana tu tukijua kipimamvua kilikuwa kilimani au bondeni.

Nne, fomu iwe na nafasi ya jina la wenyeji. Anayesema ibushi ameshataja chokaa, mahali kwenye mteremko na namna ya kulima, kwa neno moja.

Tano, taarifa itoe majina yote mawili. La kimataifa litatuunganisha na wenye udongo huu Sudan na India. La Marekani, likijengwa juu ya nyufa zilizopimwa kweli, litamwambia afisa ugani kama kiangazi cha mbuga hiyo kinafika siku 90 au la.

8. Hitimisho

Mbuga haikunidanganya ule mwezi wa Machi. Siku ile nyufa hazikuwapo. Kosa lilikuwa kuandika hali ya siku moja kana kwamba ni tabia ya mwaka mzima, na fomu yenyewe haikuniuliza zaidi. Nawaomba basi, ndugu wapimaji, jambo moja lisilohitaji bajeti wala kibali: mkifika kwenye nafasi ya nyufa, kabla ya kuandika "zipo" au "hakuna", andikeni tarehe, kisha mwulizeni mwenye shamba zilifunga lini.