Mlonge na Vidonge: Nani Amepima Damu?

Katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, mgonjwa anayeanza dawa za kumeza maisha yote hupewa agizo fupi: mitishamba yote marufuku. Agizo hilo lina sura ya busara, na anayelitoa hana nia mbaya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mhadhara huu inakusudia kulibomoa.

Wauzaji wanaodai kwamba dawa ya asili haiwezi kumdhuru mtu hawatachukua muda hapa. Digoksini, dawa ya moyo yenye uwezo wa kuua dozi ikizidi, hutolewa kwenye mmea. Yatosha.

Agizo la marufuku ndilo gumu, kwa sababu hujivika joho la sayansi. Hukusanya pamoja tangawizi ya chai, unga wa mlonge, mizizi iliyochemshwa na mganga na vidonge vya kitunguu saumu kutoka duka la dawa, kisha huvihukumu vyote sawa. Ushahidi wake mara nyingi unatoka maabara: dondoo la mmea limechanganywa na kimeng'enya cha ini, kimeng'enya kikapunguza kasi, onyo likaandikwa. Kimeng'enya kinachotajwa zaidi, CYP3A4, wafamasia waliomo ukumbini wanakijua. Wasichokisema mara kwa mara ni kwamba dondoo lile lilimiminwa moja kwa moja, wakati unga ulioliwa na uji hupita kwanza tumboni, na huenda sehemu ndogo tu ikafika kwenye ini.

Isitoshe, marufuku hayamzuii mtu. Shangazi yake mhadhiri huyu, mkazi wa Muheza, alikuwa akikoroga mlonge kwenye uji kila asubuhi huku akimeza dawa za presha. Muuguzi alipomkataza aliitikia kwa adabu, "Sawa, mwanangu," akarudi nyumbani kuendelea kukoroga. Alichoacha ni kumwambia muuguzi.

Mlonge huohuo umepata mtafiti anayestahili kusomwa polepole. Mwaka 2008, Tsitsi Monera wa Zimbabwe na wenzake walichapisha matokeo ya maabara: dondoo za mlonge zilizuia kazi ya CYP3A4. Wengi wangeishia hapo, wakabandika tangazo ukutani. Monera alilirudia onyo lake mwenyewe na kulipima kwa watu. Katika utafiti uliochapishwa 2017, watu wazima wanaoishi na VVU, waliokuwa wakitumia dawa ya VVU iitwayo nevirapini, walipimwa damu wakiwa na dawa peke yake, kisha wakapimwa tena baada ya kutumia pia unga wa majani ya mlonge. Kiwango cha nevirapini hakikubadilika kwa namna ya kutia wasiwasi.

Uzuri wa kazi hiyo uko kwenye mpango wake. Kila mshiriki alilinganishwa na nafsi yake, hivyo tofauti za umri, uzito na ini hazikuweza kuvuruga hesabu. Waliopimwa walikuwa wagonjwa wenyewe, si wanafunzi wenye afya waliolipwa nauli. Na kiasi cha unga kilifuata mazoea ya watumiaji. Mipaka yake ni wazi pia: washiriki wachache, dawa moja, majani tu. Mizizi ya mlonge ni habari nyingine.

Damu ikipimwa, wakati mwingine hutoa hukumu kali. Mwaka 2000, watafiti wa Marekani waliwapa watu wanane wenye afya dawa ya VVU iitwayo indinaviri pamoja na Hypericum perforatum, mmea wa maua ya manjano unaotumiwa Ulaya na Marekani dhidi ya huzuni. Jumla ya dawa iliyopita kwenye damu ilishuka kwa asilimia 57. Mwaka huohuo madaktari wa Zurich waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo huo baada ya mmea huo kushusha kiwango cha siklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa.

Tangawizi nayo, inayoogopwa na watumiaji wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilipimwa Australia kwa watu wenye afya. Matokeo yalitoka 2005, na kwa dozi iliyotumika haikubadili kazi ya dawa hiyo.

Watafiti wa Yemen walifanya jambo la maana zaidi: walipima saa. Mwaka 1997 ilionekana kwamba kutafuna miraa hupunguza kiasi cha ampisilini, dawa ya kuua bakteria, kinachofyonzwa, ila dawa hiyo ikimezwa saa mbili baada ya kutafuna haiathiriki. Mtafunaji wa Maua au Eastleigh nchini Kenya anaweza kulitii agizo la namna hiyo.

Katika matibabu ya VVU, nevirapini imekwisha kupisha dolutegraviri, na swali kuhusu mlonge limebadilika. Dolutegraviri hushikana tumboni na madini ya chuma na kalsiamu. Ndiyo maana anayemeza vidonge vya madini hayo huambiwa aitangulize dolutegraviri kwa saa mbili, au asubiri saa sita baada ya madini ndipo aimeze, au avimeze vyote pamoja na chakula. Majani ya mlonge yana madini yote mawili. Je, kijiko kimoja cha unga kinatosha kuleta tofauti? Na uji unaokichukua unaokoa kitu? Kipimo kama cha Monera, kwa dawa hii na unga unaouzwa masokoni mwetu, ndicho mhadhiri huyu angekianza kesho, kabla ya warsha nyingine ya kuandaa mabango ya marufuku.