Kabla ya Kufuta Ruta Katika Daftari la Mali
Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Mbeya na Iringa



Mmezoea kunisikia nikiuliza habari za hati za malipo na vitabu vya stakabadhi, na bila shaka baadhi yenu mmeshangaa kuona mezani hapa pamewekwa ruta mbili, nyaya na kompyuta. Naomba mnivumilie. Jambo nitakalolieleza lilinikuta katika kazi yangu ile ile ya ukaguzi.

Nilikuwa nakagua chama kimoja cha wakulima wa kakao upande wa Kyela. Katika daftari la mali nilikuta ruta tatu zimefutwa, na mbele ya kila moja yameandikwa maneno yale yale: “Imekufa wakati wa kuwekewa Linux.” Nyuma yake palikuwa na hati ya malipo ya ruta ya nne, iliyonunuliwa wiki ya mnada bila idhini ya Bodi. Katibu alinieleza ukweli bila kuficha. Orodha ya kilo za wakulima ilikuwa inatakiwa, ofisi haina mtandao, wakulima wamekaa barazani wakingoja fedha zao, na fundi aliyeitwa alitamka kuwa hapana dawa. Niliomba zile tatu ziletwe kutoka stoo. Kabla jua halijatua, mbili zilikuwa zinafanya kazi, na katika hizo mbili, moja haikuwa imekufa hata kwa dakika moja.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe. Ruta ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala vibonye vya kuandikia. Ndani yake mna programu inayoiendesha, na katika ruta nyingi programu hiyo ni Linux, ambayo kiini chake kiliandikwa mara ya kwanza na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Ufini, mwaka 1991. Kwa hiyo wengi wenu mnaitumia pasipo kujua. Ruta ya Linksys iitwayo WRT54G ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba imebeba Linux, ambayo leseni yake humtaka anayeigawa atoe pia maandishi yake ya asili. Maandishi hayo yalipotolewa, watu wakaanza kuyatengeneza upya, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, yaani Linux inayowekwa katika ruta za aina nyingi badala ya programu ya kiwandani.

Kwa nini chama kihangaike na hayo? Kwa sababu kiwanda huacha kutoa masahihisho ya ruta baada ya miaka michache, ilhali majina ya wakulima na namba zao za benki zinaendelea kupita humo kila siku. Hata hivyo sisemi kila chama kifanye hivyo. Chama ambacho ruta yake bado inapata masahihisho ya kiwanda, kiiache kama ilivyo.

Sasa, mkaguzi anapotafuta shilingi iliyopotea haanzi na mizania. Huanza na stakabadhi ya kwanza, akaifuata hadi kwenye daftari la fedha, kisha leja, mpaka afike mahali ambapo hesabu zimeachana. Ruta inapoamka nayo hupita hatua kwa hatua. Kwanza ni umeme. Pili ni programu ndogo ya kuamsha, ambayo mafundi huiita butiloda, iliyohifadhiwa mahali pake pa peke yake katika kumbukumbu. Tatu, butiloda hukiita kiini cha Linux. Nne, kiini hufungua mafaili ya mfumo. Na mwisho kabisa mtandao hufunguliwa. Anayeweka Linux kimakosa mara nyingi huharibu hatua ya tatu na ya nne. Ile ya pili kwa kawaida hubaki salama, na hapo ndipo palipo na mlango wa kurudi nyuma. Swali la kuuliza, basi, ni hili: imekwama katika hatua ipi?

Turudi kwenye zile ruta tatu. Ya kwanza ilikuwa nzima. OpenWrt inapomaliza kuwekwa, kwa kawaida mawimbi ya Wi-Fi huwa yamefungwa mpaka mwenyewe ayafungue. Fundi alitazama simu yake, hakuona jina la ruta, akahukumu kifo. Tena alijaribu anwani ya zamani ya kiwandani, 192.168.0.1, ilhali OpenWrt hutumia 192.168.1.1. Nilichomeka waya kati ya kompyuta na mojawapo ya matundu ya LAN, nikaandika anwani hiyo, na ukurasa ukafunguka. Mali ya wanachama ilikuwa imefutwa kwa sababu ya tarakimu moja na waya ambao haukuchomekwa.

Ya pili ilikuwa na shauri kubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Ilikuwa TP-Link TL-WR841N. Ndugu zangu, jina hilo peke yake halitoshi. Geuzeni ruta, someni kibandiko cha chini. Mtaona toleo lake, kwa mfano v9 au v13. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, lakini v9 ina megabaiti 4 za kuhifadhia programu na megabaiti 32 za kufanyia kazi, na v13 ina 8 na 64. Matoleo mapya ya OpenWrt hayaenei katika 4 na 32, kwa hiyo kuyalazimisha humo ni kutafuta matatizo. Fundi alichukua faili la v13 akaliingiza katika v9 kwa njia za mkato. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuchanganya mafaili mawili ya OpenWrt yenyewe: lenye neno “factory” ni la kutoka programu ya kiwandani kuingia OpenWrt, na lenye neno “sysupgrade” ni la ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Isitoshe, faili likipakuliwa kwa mtandao hafifu huweza kufika pungufu. Ukurasa wa kupakulia huonyesha namba ndefu ya uhakiki iitwayo SHA256. Ilinganisheni na ya faili lenu kabla ya kuligusa lolote, kama mnavyolinganisha jumla ya mizani na jumla ya stakabadhi.

Ruta ile iliwasha taa na kuzima, ikawasha na kuzima, bila kufika popote. Lakini butiloda yake ilikuwa hai. Ruta za aina hiyo, zikiwashwa huku kibonye cha “reset” kimeshikiliwa, huomba zenyewe faili la kujiponya kwa njia iitwayo TFTP. Niliipa kompyuta anwani ya kudumu, 192.168.0.66, nikafungua humo programu ya kugawa mafaili kwa TFTP, na nikaweka faili la kiwandani la v9 baada ya kulipa jina ambalo ruta hulitafuta: wr841nv9_tp_recovery.bin. Kwa v13 anwani ni 192.168.0.225, na jina la faili ni tp_recovery.bin. Herufi moja ikikosewa, ruta haipati kitu na haitasema neno. Jihadharini pia na mafaili ya kiwandani yenye neno “boot” katika majina yake: sehemu ya mwanzo ya faili la namna hiyo hukatwa kwanza, la sivyo mtaiharibu hata butiloda, na hapo mlango wa kurudi utakuwa umefungwa.

Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili vile vile. Katibu akaanza kunitazama kwa huruma. Kumbe ulinzi wa mtandao wa Windows ulikuwa unazuia maombi ya ruta yasiifikie programu yetu. Nilipouzima kwa muda ule, faili likaenda. Tukaiacha bila kuigusa mpaka ilipojiwasha upya yenyewe. Nasisitiza kutoigusa, maana wengi huchomoa umeme kwa kukosa subira wakati kumbukumbu inaandikwa.

Ya tatu ndiyo iliyokufa kweli. Ilikuwa ya volti 5, nayo ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12, ambayo inapochajiwa huweza kupanda hadi zaidi ya 14. Ndani palinuka kuungua. Linux haikuhusika hata kidogo. Adapta za volti 5, 9 na 12 mara nyingi zina kichwa kinachoingia tundu lile lile, na katika droo za ofisi zetu zimelala pamoja. Andikeni juu ya kila adapta jina la kifaa chake. Adapta iliyochoka nayo ina hila yake: taa huwaka, ruta huanza kuamka, na inapofungua mawimbi umeme huanguka, ikaanza upya. Kwa macho hutaitofautisha na ruta yenye programu mbovu. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jaribuni adapta nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Kuhusu umeme niongeze neno moja kwa ndugu wa Rungwe na Mufindi. Msiweke programu mpya wakati mawingu yamefunga. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu. Fanyeni kazi hiyo kwa waya, wala si kwa Wi-Fi, na kama mna betri ya akiba ya kompyuta, ruta nayo ichomekwe humo.

Ikiwa OpenWrt ilikuwa ikifanya kazi na mtu akaharibu mipangilio, msiweke programu upya. Washeni ruta, na taa inapoanza kupepesa bonyezeni kibonye. Itaamka katika hali ya dharura. Kompyuta ipewe 192.168.1.2, muingie 192.168.1.1, na amri “firstboot” itafuta mipangilio yote ili muanze upya.

Vyama vichache vinatumia Raspberry Pi kuhifadhi mafaili. Hiyo huamka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, nayo hueleza ugonjwa wake kwa taa: mipepeso 4 ni kwamba haikuona faili lake la kuanzia, na 7 ni kwamba haikuona kiini. Mara nyingi dawa ni kuandika kadi upya, au kutupa kadi bandia.

Iko njia ya kuisikiliza ruta yenyewe ikisema hatua zake, kwa kuifungua na kuunganisha nyaya tatu kwenye pini za ndani. Kazi hiyo si ya katibu. Volti zake kwa kawaida ni 3.3, na waya wa aina ya zamani wa kompyuta utaiunguza. Mpelekeeni kijana aliyesoma elektroniki. Mbeya hatuna uhaba wao tangu enzi za Chuo cha Ufundi, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mistari atakayoiona ni ya Kiingereza. Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, lakini sauti ya kuamka ya Linux haijafika huko. Mistari hiyo inakiliwe herufi kwa herufi, bila kutafsiriwa, maana neno moja likibadilika anayesaidia kutoka mbali hupotea.

Ninachoomba kwenu kama mkaguzi ni kidogo. Kila ruta iwe na ukurasa wake: jina, toleo la kibandiko, volti, faili lililowekwa, tarehe na aliyeweka. Neno la siri liwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, wala si kichwani mwa katibu peke yake. Na Bodi isikubali kufuta ruta mpaka fundi aandike imekwama katika hatua ipi na amejua vipi. Neno “imekufa” nitalirudisha kama hoja ya ukaguzi.

Ruta hizi mbili mezani ni za mafunzo. Moja nimeiwekea makusudi, asubuhi hii, faili lisilo lake. Baada ya chai nitaomba katibu mmoja ajitolee kuiamsha mbele yetu, nami nitakaa pembeni nishike kalamu.