Jiko la Mkaa Lisilale Nasi Chumbani

Natumaini mmemaliza kazi za leo salama, na sasa mmekaa karibu na redio, pengine mnaota moto. Mimi ni afisa mifugo, na leo nataka tuzungumze juu ya huo moto wenyewe. Nawasemesha hasa ninyi wa nyanda za juu: Makete, Njombe, Mufindi, Mbeya, Mbulu na Lushoto. Mwezi wa Juni na wa Julai kwenu si mchezo. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, usiku umande huganda ukawa sakitu, na asubuhi mtu akikanyaga nyasi zinalia chini ya mguu. Mtu wa huko akiingiza jiko ndani, mimi simlaumu. Baridi ni baridi. Lakini kuna jambo ni lazima alijue kwanza.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kijiji kimoja cha milimani. Mzee mmoja, mkulima hodari wa viazi, alikuwa amejenga nyumba mpya: tofali za kuchoma, bati, dari ya mbao, madirisha ya vioo. Mwezi wa saba akanunua vifaranga 100, na banda lake lilikuwa bado. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, "Mzee, vifaranga wanataka joto, usiku wa kwanza usiwaache wakapigwa na baridi." Nilimwambia habari ya joto. Habari ya hewa sikumwambia.

Basi, mzee akawaweka vifaranga pembeni mwa chumba cha kulala. Akawasha jiko la mkaa nje, akangoja mpaka moshi ukaisha na mkaa ukawa mwekundu, ndipo akaliingiza ndani. Akafunga madirisha, akaziba kwa gunia ule upenyo wa chini ya mlango. Akalala yeye, mkewe, na mtoto wao wa miaka 2.

Usiku wa manane mama akaamka, kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka. Akadhani ni malaria. Akajikokota kwenda nje kutapika. Aliufungua mlango wa chumba na ule wa nje, miguu ikamwishia pale pale kizingitini, akaanguka. Ule upepo wa baridi tuliokuwa tukiukimbia ndio uliomzindua, akapiga kelele. Majirani wakaja, wakamtoa mzee na mtoto. Wote watatu walipona, lakini baada ya kupewa oksijeni hospitalini, na mtoto alilazwa siku 3. Vifaranga hakubaki hata mmoja.

Mama yule aliponiona aliniambia neno moja tu: "Bwana Mifugo, mbona hukutuambia?" Sikuwa na jibu. Mazungumzo haya ya leo ndiyo jibu langu kwake, na kwenu pia.

Sasa tuulize: kitu gani kiliwapata watu wale, na moshi ulikuwa umekwisha?

Mkaa ukipata hewa ya kutosha huungua vizuri. Ukikosa hewa ya kutosha, hauungui sawasawa, na hapo hutoa gesi ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Sisi leo tuiite sumu ya mkaa. Sumu hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haikohozi mtu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni ni adui anayepiga hodi: unakohoa, machozi yanakutoka, unakimbia nje. Sumu ya mkaa haipigi hodi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasema, "Moshi umekwisha, jiko sasa ni salama." Sivyo. Mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Jiko jekundu zuri, lisilo na hata chembe ya moshi, linaendelea kutoa sumu. Hata lile lililofunikwa na majivu, unalodhani limezimika, madamu bado lina joto ndani linatoa sumu.

Inauaje? Damu yetu ni kama basi linalobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Sumu ya mkaa ikiingia mapafuni huwahi viti vya basi hilo, tena huving'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi linakwenda, limejaa, lakini abiria si wale wanaotakiwa. Ubongo na moyo vinangoja oksijeni, haifiki. Mtu aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea miguu. Mtu aliyelala anaweza asiamke kabisa. Watoto wadogo, wazee, wenye upungufu wa damu na mama wajawazito wako katika hatari zaidi, na mtoto aliye tumboni naye huathirika.

Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, "Mbona babu zetu walilala na moto ndani, na hawakufa?" Swali zuri. Ziangalieni nyumba za babu zetu. Paa lilikuwa la nyasi, moshi ulipenya juu. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi, upepo ukaingia na kutoka. Nyumba ilikuwa ikipumua. Hata hivyo hawakuwa salama kabisa. Ule moshi uliwaharibu macho na vifua. Leo tumejenga nyumba bora, na tumefanya vema. Lakini bati, dari, plasta na vioo vimeifanya nyumba isipumue. Nyumba tumeibadilisha, jiko ni lile lile. Hapo ndipo hatari ilipoingia.

Wala jambo hili si la maskini peke yao. Kule Marekani yapo meko ya gesi ya kupashia nyumba joto yasiyokuwa na bomba la kutolea moshi. Meko hayo huwekewa kifaa kinachozima gesi oksijeni ya chumbani ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida mpaka karibu asilimia 18. Hata hivyo wenye nyumba huambiwa wafungue dirisha kidogo, na kuna mahali, kama jimbo la California, ambapo meko ya namna hiyo hayaruhusiwi majumbani. Sasa jiulize: ikiwa meko yenye kifaa cha kujizima yanaogopwa, je, jiko letu la mkaa, lisilojua kujizima?

Haya, tufanye nini? Nisikilizeni vizuri.

Kwanza, jiko lisiingie chumba cha kulala usiku. Hii ndiyo kanuni kubwa, haina "lakini". Ukitaka kuota moto, otea jikoni au sebuleni jioni, mlango au dirisha likiwa wazi. Mnapokwenda kulala, jiko litoke nje, mbali na mlango na madirisha, mahali pasipo nyasi kavu. Msiliweke barazani chini ya dirisha, maana sumu itarudi ndani.

Pili, jiko la kupikia liwe na njia mbili za hewa. Toboeni tundu chini ukutani ili hewa safi iingie, na jingine juu, upande wa pili, ili hewa chafu itoke. Tundu moja halitoshi. Hewa ni kama maji ya mfereji: pasipo pa kutokea, hata pa kuingilia hapafanyi kazi. Anayeweza kujenga jiko lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa, afanye hivyo. Na ikifika baridi, msiyazibe matundu hayo kwa matambara.

Tatu, msidanganyike na dawa za uongo. Wako wanaoweka beseni la maji karibu na jiko wakisema maji yatanyonya sumu. Maji hayainyonyi. Kitunguu hakiinyonyi. Kitambaa kibichi puani hakiizuii. Kinachoitoa sumu ni hewa safi peke yake.

Nne, wanaotumia jiko la gesi nao wasijione wamepona. Moto wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, hauungui vizuri, mwiteni fundi. Na jiko la gesi ni la kupikia, lisiwashwe usiku kupashia chumba joto.

"Sasa tulale na baridi?" Hapana. Jazeni maji ya moto katika chupa imara, ifungeni vizuri, izungusheni kitambaa, muiweke miguuni chini ya blanketi. Tandikeni magunia au nyasi kavu chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka chini. Watoto wavae soksi na kofia. Upepo unaopita chini ya mlango mnaweza kuuzuia, lakini tundu la juu liachwe wazi.

Turudi kwa vifaranga, maana najua wengi mnaomsikiliza afisa mifugo mna kuku. Ni kweli, kifaranga wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha mnalipunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini kifaranga anataka na hewa. Bruda yenu iwe katika banda lake, si katika chumba cha watu. Ukuta wa chini uwe mzima ili upepo usiwapige. Juu ya ukuta acheni nafasi ya waya pande mbili, muweke pazia la gunia lisilofika mpaka juu kabisa. Jiko liwashwe nje, liwekwe juu ya matofali, lizungushiwe waya, lisiguse maranda. Na anayeangalia vifaranga usiku aingie, atazame, atoke. Asilale humo.

Vifaranga wenyewe watawaambia. Wakirundikana pamoja, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakitweta, joto limezidi. Wakitawanyika vizuri na kula, mambo ni sawa. Lakini ukiwakuta wamelegea, wanasinzia, wengine wameanguka, na joto linatosha, usisimame kufikiri. Fungua banda, toa jiko, utoke na wewe. Kule Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakiingia migodini na ndege mdogo kizimbani. Ndege hudhurika upesi kuliko mtu. Ndege akianguka, watu walikimbia. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1986, vilipokuja vyombo vya kupimia. Siku hizi vipo hata vifaa vidogo vya nyumbani vinavyopiga kengele sumu hii ikizidi. Mwenye uwezo anunue, lakini asiache kufungua dirisha.

Mwenye vifaranga wachache anaweza kuwalea bila mkaa kabisa: tengenezeni sanduku lenye nyasi kavu nyingi pembeni, juu blanketi lililoachiwa nafasi ya hewa, na siku za mwanzo muweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Joto la miili yao litafanya kazi iliyobaki.

Mwisho, mkimkuta mtu amezidiwa. Kabla ya kuingia, vuteni pumzi nje. Ingieni haraka, fungueni milango na madirisha, mtoeni mtu nje, ndipo mtoe jiko. Usikae ndani kumwita jina, utalala naye. Akiwa hapumui, anayejua kumpulizia pumzi aanze mara moja. Msimpe maziwa. Sumu hii haiko tumboni, iko katika damu, na mtu aliyezirai akinyweshwa kitu atapaliwa.

Kisha mpelekeni hospitali, hata kama amezinduka na anasema amepona. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua kama saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa 1 hadi saa 1 na nusu. Na mkifika, neno la kwanza kwa daktari liwe hili: "Tulilala na jiko la mkaa." Lisemeni msiogope aibu. Dalili zake zinafanana na za malaria, na hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha damu iko sawa, kumbe siyo. Nanyi nyumbani jiulizeni: ikiwa watu wawili, watatu wa nyumba moja wameamka pamoja wakiumwa kichwa, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo huenda si malaria. Angalieni jiko lililala wapi.

Ndugu wakulima, muda wangu umekwisha. Tukumbushane basi: mkaa usio na moshi bado una sumu. Jiko lilale nje. Matundu yawe mawili, chini na juu. Vifaranga wawe na banda lao. Mgonjwa apelekwe kwenye hewa safi, kisha hospitali.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mmoja wenu ainuke akatazame jiko liko wapi. Na kesho mkikutana shambani au kisimani, mwambieni na jirani ambaye hana redio, asije naye akauliza mbona hakuambiwa.

Laleni salama.