Daktari wa Makovu Aingie kwa Mlango Gani?

(Mazungumzo na machifu wa kata na familia za wahami, Kisangani, jimbo la Tshopo)



Niliombwa niseme juu ya madaktari wa upasuaji wa kurekebisha mwili: namna wanavyoweza kujiandikisha kuwatibu askari wa zamani, na faida yake kwa wahami. Wengi wakisikia upasuaji huu hufikiri urembo wa matajiri. Lakini kazi hii ilikua kwa sababu ya vita. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali huko Sidcup, Uingereza, ambako daktari Harold Gillies na wenzake waliwatibu askari zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa wamepasuliwa nyuso na risasi na mabomu. Tangu 2006 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wanawapasua majeruhi wa vita huko Amman, Yordani, na wengi wao ni raia.

Nasi Kisangani tuna majeruhi wetu. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji huu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inataja raia waliokufa kuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1,000. Kisha, tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulileta panga na moto, na familia nyingi zilikimbia nyumba zao. Kwa hiyo mji mmoja unabeba makovu ya vita vya zamani na vya karibuni, ya raia na ya askari.

Upasuaji huu hufanya nini? Chukueni mtoto aliyeungua mkono. Kovu likikauka hukaza, kiwiko kikabaki kimekunjika. Daktari hukata kovu, hunyoosha mkono, huchukua ngozi nyembamba pajani na kuipandika pale penye kidonda. Baada ya hapo mkono hufungwa kwenye ubao, na kwa miezi mtoto hufanya mazoezi. Asipofanya, kovu linaweza kukaza tena. Yale makovu yanayovimba na kuwasha nayo, yakikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, pengine makubwa zaidi. Ndiyo maana daktari anayekuja siku tatu na kuondoka, bila kumwachia mtu kazi, anaweza kutuacha pabaya kuliko alivyotukuta.

Basi daktari anayetaka kusaidia, awe Mkongomani au mgeni, afuate njia hii:

1. Aandikie kwanza hospitali itakayompokea, na aeleze anajua kufanya nini na atakaa muda gani. Hospitali iseme kama ina dawa ya usingizi, damu na vitanda.

2. Apeleke diploma zake, cheti cha ubingwa na barua ya utumishi mwema kwa Ordre des Médecins. Katika nchi yetu hakuna daktari anayeruhusiwa kutibu bila kutambuliwa na Ordre. Mwenye moyo mwema naye anafuata sheria hiyo.

3. Ajitambulishe kwa Divizio ya Afya ya jimbo, DPS. Akitaka kutibu askari walio bado kazini, aongee pia na wakubwa wa afya ya jeshi. Kwa wale waliokwisha kuweka silaha chini, aongee na mpango wa serikali wa P-DDRCS, ulioanzishwa 2021.

4. Apasue pamoja na madaktari wetu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, ili akiondoka ujuzi ubaki, na majina ya watakaoangalia vidonda yajulikane kabla hajashika kisu.

Sasa nafika kwenye neno gumu. Najua swali lililo mioyoni: kwa nini atibiwe aliyeshika bunduki, na mimi niliyechomewa nyumba ningali nangoja? Swali hilo ni la haki. Jibu langu si kwamba askari atangulie. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Kongo imeikubali, inasema majeruhi wote wahudumiwe, na anayetangulia atangulie kwa sababu ya hali ya kidonda chake tu. Basi tuombe orodha moja. Mtoto asiyeweza kufumba jicho kwa sababu ya kovu atangulie mbele ya kapteni mwenye alama shavuni. Na askari asiyeweza kufungua mdomo ale, atangulie mbele ya raia ambaye kovu lake halimzuii kitu. Tukiandika orodha mbili, tutaanzisha ugomvi mwingine mlangoni pa hospitali. Kutibiwa pia hakumfutii mtu kosa: mwenye kesi atajibu mbele ya sheria, akiwa mzima.

Machifu, kazi yenu ni hii. Andikeni majina bila kuuliza kabila. Wambole na Walengola wakae pamoja mnapoandika. Asitozwe mtu pesa ili aingie kwenye orodha, na mkimwona anayetoza, mtajeni. Picha ya kidonda isipigwe bila ruhusa ya mwenyewe. Mwanamke aliyeumizwa kwa ubakaji jina lake lisisomwe mbele ya watu. Apelekwe kwa siri kwa mhudumu wa afya. Na walioko Lubunga, fikirieni nauli ya kuvuka mto, kwa kwenda kupasuliwa na kwa kurudi kubadilisha bandeji.

Neno moja juu ya pesa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa madhara ya watu. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao hapa Kisangani, uliundwa kwa ajili ya wahanga wa vita ile. Hauhusu waliojeruhiwa katika ugomvi wa 2023. Mwenye haki huko aidai, lakini asiache kutafuta matibabu akingoja malipo, kwa maana fidia hainyooshi kiwiko.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari alete ujuzi, hospitali itoe kitanda, ninyi mlete orodha safi. Mkirudi kwenye kata zenu, anzeni na watoto wenye makovu ya moto kwenye viungo, kwa sababu wao bado wanakua na kovu halikui pamoja nao.