Hedseti Isiyoumiza Ndiyo Inayokinga: Uchaguzi wa Hedseti kwa Marubani wa Ndege Ndogo

Mnunuzi wa hedseti ya urubani kwa kawaida huuliza mambo mawili: inapunguza desibeli ngapi, na ni bei gani. Starehe huachwa mwisho, na anayeitaja mapema huonekana mtu wa kupenda raha. Mada hii inatetea msimamo mwingine. Kwa rubani wa ndege ndogo, hedseti kukaa vizuri kichwani ni sehemu ya kinga yenyewe, na hedseti inayoumiza, hata ikiwa na desibeli nzuri kiasi gani kwenye boksi, itamlinda kidogo kuliko ile ya wastani anayoweza kukaa nayo siku nzima bila kuigusa.

Tuanze na kelele yenyewe. Chukueni Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huanzia. Injini ikizunguka mara 2400 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde. Pangaboi lake lina mapanga mawili, kwa hiyo hupiga hewa mara 80 kwa sekunde. Na injini ya silinda nne, yenye mipigo minne, nayo huwaka mara 80 katika sekunde hiyo hiyo. Vyanzo viwili vikubwa vya kelele vinakutana kwenye hezi 80, sauti nene ambayo wimbi lake lina urefu unaozidi mita 4. Kwenye Cessna Caravan, inayobeba watalii kwenda Serengeti na abiria wa Zanzibar na Mafia, injini ni ya tabo, lakini pangaboi la mapanga matatu likizunguka mara 1900 kwa dakika hutoa sauti ya hezi 95, nene karibu kama ile. Kikombe cha hedseti, cha plastiki chenye sponji, huzuia vizuri sauti nyembamba, kama mluzi wa upepo dirishani. Mngurumo wa hezi 80 hupita kwa urahisi zaidi, na ukipata upenyo mdogo tu kati ya pedi na ngozi, huingia moja kwa moja.

Ndani ya ndege ndogo ya injini ya pistoni kelele huwa kati ya desibeli 90 na 100, na wakati wa kupaa huweza kuzidi hapo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Kwa kipimo hicho, desibeli 94 zinaruhusu saa 1 tu, na desibeli 100 zinaruhusu dakika 15. Safari fupi kuliko zote za mafunzo inazidi hapo.

Sasa hesabu inayobeba hoja yangu. Tuseme ipo hedseti kamilifu, isiyopitisha sauti hata chembe. Rubani akiivua kwa dakika 6 katika kila saa ya kuruka, masikio yake yamepokea sehemu moja ya kumi ya kelele yote, na kwa lugha ya desibeli hiyo ni kinga ya 10 basi. Akiivua kwa dakika 3, kinga haivuki 13. Hedseti ya kawaida yenye desibeli 20 inayobaki kichwani kuanzia injini inapowashwa hadi inapozimwa inaishinda hiyo iliyo kamilifu, na inaishinda kwa mbali. Kwa hiyo swali la maana kwa mnunuzi ni hili: nini kitamfanya rubani aivue, au asogeze kikombe kimoja nyuma ya sikio?

Majibu yanajulikana kwa kila anayefanya kazi hii. Utosi huuma baada ya muda kwa sababu uzito wa hedseti, ambao kwa mitindo ya zamani unakaribia nusu kilo, umelala kwenye ukanda mwembamba. Pedi hulowa jasho, hasa Pwani, ambako ndege iliyoanikwa uwanjani huwa tanuri kabla mlango haujafungwa. Taya huchoka kubanwa. Na juu ya yote, miwani. Rubani anayeruka mchana kutwa juu ya mbuga wakati wa kiangazi hawezi kuacha miwani ya jua, na mikono ya miwani hiyo hunyanyua pedi na kufungua upenyo pale pale mngurumo unapotafuta pa kupita. Watengenezaji wa zamani walijibu tatizo hilo kwa kuongeza nguvu ya kubana. Upenyo ukapungua, lakini mikono ya miwani ikakandamizwa kwenye mfupa wa panja, na baada ya saa moja na nusu maumivu hayo yanamshinda mtu yeyote. Kinga iliyonunuliwa kwa kubana inarudishwa kwa kuvua.

Hapa ndipo hedseti za kuzima kelele kwa umeme zilipoleta mabadiliko, ingawa sifa zinazotangazwa mara nyingi si zile zinazostahili. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa mbinu ya kuizima sauti kwa sauti iliyogeuzwa kinyume chake. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alianza kupiga hesabu za kuiingiza mbinu hiyo kwenye vifaa vya masikioni. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua, safari ya siku 9 ndani ya chumba kidogo chenye kelele ya kutisha, wakiwa na hedseti za majaribio za aina hiyo. Na mwaka 1989 zikaingia sokoni. Kipaza sauti kidogo ndani ya kikombe husikiliza mngurumo, na spika hutoa wimbi lililo kinyume chake. Mbinu hii hufanya kazi vizuri kwenye sauti nene, chini ya hezi mia kadhaa, yaani pale pale plastiki na sponji zinaposhindwa. Faida ambayo haisemwi vya kutosha ni kwamba umeme ukishabeba kazi ya sauti nene, mtengenezaji anaweza kupunguza kubana, kulainisha pedi na kupunguza uzito. Hedseti ya Bose A20, kwa mfano, ina gramu 340. Starehe iliyopatikana hivyo ndiyo inayoifanya ibaki kichwani.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza mngurumo, inayotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Sauti nene hufunika sauti nyembamba kwa nguvu kuliko nyembamba inavyofunika nene. Redio ya ndege hupitisha usemi katika ukanda mwembamba, na kinachotenganisha neno na neno ni konsonanti hafifu zilizo sehemu ya juu ya ukanda huo. Namba 15 na 50 kwa Kiingereza hutofautiana kwa mkazo na sauti ya mwisho tu. Wengi wetu tunaongea na waongoza ndege kwa Kiingereza tulichojifunza darasani, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linatudai angalau Kiwango cha 4 cha lugha hiyo. Utafiti wa usikivu umeonyesha kwa miaka mingi kwamba msikilizaji wa lugha ya pili huumizwa na kelele zaidi ya mzawa wa lugha hiyo, hata kama katika chumba kimya wanaelewa sawasawa. Rubani wa aina hiyo akikosa kusikia, huongeza sauti ya redio, na kwa kufanya hivyo anajimwagia kelele nyingine masikioni. Mngurumo ukipunguzwa, yeye mwenyewe huishusha sauti ya redio bila kuambiwa na mtu.

Wapo wanaosema kwamba vipimo vya afya vinatosha: rubani anapimwa masikio, na tatizo likiwepo litaonekana. Tuangalie kinachopimwa. Kiambatisho namba 1 cha ICAO, kwa cheti cha daraja la kwanza, kinakataa upungufu unaozidi desibeli 35 kwenye hezi 500, 1000 au 2000, au unaozidi desibeli 50 kwenye hezi 3000. Madhara ya kelele kwa kawaida huanza karibu na hezi 4000, juu kidogo ya pale mipaka hiyo inapoishia. Kwa hiyo mtu anaweza kupewa cheti miaka mingi mfululizo huku sikio likiendelea kuharibika, na seli za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena. Anayekwenda kupimwa amwombe daktari karatasi yenye kipimo cha hezi 4000 na 6000, aitunze, ailinganishe na ya mwaka uliotangulia.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: rubani anayezimiwa kelele hataisikia injini ikibadilika, wala honi ya kuonya kwamba bawa linakaribia kupoteza nguvu ya kuinua. Silidharau. Mwaka 2007 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa taarifa ikiwataka waendeshaji wahakikishe kengele na sauti nyingine muhimu bado zinasikika, na wasipoweza, watafute njia nyingine au waziache hedseti hizo. Lakini tutazame honi ya Cessna 172. Ni kilimi kinacholia kwa hewa inayofyonzwa kupitia tundu la ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Kabla ya kuruka mwanafunzi huweka leso juu ya tundu, akalifyonza kwa mdomo, na mlio mwembamba kama wa kinanda cha mdomo ukasikika ndani. Mlio huo uko juu sana kuliko sauti ambazo umeme unazizima. Kinachoupunguza ni kikombe chenyewe, na kikombe cha hedseti ya kawaida huupunguza vile vile. Kwa upande wa injini, silinda isiyowaka hutikisa kiti na huonekana kwenye saa za injini. Hata hivyo ubishi huu usiishie mezani. Mkufunzi apande na mwanafunzi hadi kimo salama, wafanye zoezi la kupunguza mwendo hadi honi ilie, mara moja umeme ukiwa umewashwa na mara nyingine umezimwa, ili mwanafunzi aijue sauti hiyo kwa hedseti yake mwenyewe.

Suala la betri kuisha ni dogo, ila lina sharti. Umeme ukikatika, kinga inayobaki ni ya kikombe tu, na baadhi ya hedseti nyepesi zimetengenezwa kwa ajili ya jeti zenye vyumba vya rubani vilivyo kimya. Zikizimika ndani ya 172, hazikingi kitu cha maana. Muulize muuzaji kinachobaki betri ikifa, kisha ijaribu imezimwa, injini ikinguruma. Kwa anayelala kwenye viwanja vya porini, ningependelea inayotumia betri za AA, kwa sababu hizo zinapatikana hata kwenye duka la kijijini.

Jaribio la dukani halina thamani kubwa, maana dakika mbili katika chumba kimya kila hedseti ni nzuri. Iazimwe kwa muda, ivaliwe saa nzima ndani ya ndege ile ile inayotumika, pamoja na miwani ile ile. Injini ikiwa juu, mvaaji apenyeze kidole polepole chini ya pedi: kelele isipopanda, maana yake upenyo ulikuwepo tangu mwanzo. Apige miayo na aongee, kwa sababu taya likisogea pedi husogea nalo. Rubani aliyesuka nywele nene, au anayevaa hijabu, ana tatizo lile lile la miwani na kubwa zaidi, kwa kuwa kitambaa kimelala chini ya pedi nzima. Kwa huyo, na kwa anayeshindwa na joto, hedseti za kuingiza ndani ya sikio, zenye ncha za sponji, zafaa kufikiriwa kabla ya nyingine zote. Hazibani kichwa, na kinga yake haitegemei miwani. Kasoro yake ni kwamba hazichangiwi, hivyo si za shule.

Inabaki bei. Hedseti nzuri za umeme zinazidi dola 1000, wakati za kawaida hupatikana kwa theluthi ya hapo. Mwanafunzi atasema pesa hiyo ni saa kadhaa za kuruka, naye ana haki. Shule isiyo na uwezo isikimbilie za umeme za bei rahisi zisizo na cheti. Ianze na pedi: zile zilizokauka kwa jasho na jua hadi zikapasuka zibadilishwe, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na hedseti. Kisha igawe vizibo vya sponji vya kuvaliwa chini ya hedseti. Haviongezi desibeli zake zote juu ya za hedseti, lakini huongeza kadhaa, na redio inaweza kuinuliwa kidogo kufidia. Zikipatikana fedha za hedseti mbili tatu za umeme, zitolewe kwa wakufunzi kwanza. Mwanafunzi hushuka baada ya saa moja akaenda nyumbani. Mkufunzi hubaki kwenye kiti, anafunga mkanda na mwanafunzi wa pili, halafu wa tatu, na kesho yake hivyo hivyo.