Khutba ya Ijumaa: Moto wa Nyika na Haki ya Jirani

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafanyia waja wake moto kuwa neema ya kupikia na kuotea, na akaufanya pia kuwa ukumbusho wa Moto ulio mkali zaidi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake wote. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Naiusia nafsi yangu, nami nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Kiangazi kinapoingia, na majani yakawa yamekauka tangu bonde la Wami hata Chalinze na Ubena, moshi huanza kuonekana mbali na karibu. Huyu asafisha shamba, yule arina asali, mwengine afukuza wanyama apate kitoweo, na mwengine achoma mkaa. Kila mmoja ana haja yake. Lakini upepo haujui mpaka wa shamba. Cheche moja huvuka njia, ikaingia katika mikorosho ya jirani, kisha ikapanda juu ya makuti ya nyumba alimolala bibi kizee na wajukuu zake. Asubuhi yake watu husimama mbele ya majivu, na yule aliyeuwasha moto husema, "Ni kadari ya Mungu."

Ndugu zangu, hakuna litokealo nje ya kadari yake Subhanahu wa Taala. Hata hivyo, kadari si pazia la kujifichia mdhalimu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, wameibainisha mas-ala hii kwa uwazi. Mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha desturi na katika hali ya utulivu, kisha cheche ikaruka bila ya uzembe wake, hana dhamana. Lakini akiuwasha siku ya upepo mkali, au akapita kiasi, basi amekwisha kutaadi, na yampasa kulipa kilichoungua. Ona, basi, jinsi sharia ilivyoutazama hata upepo! Na sheria ya nchi nayo imeliangalia jambo hili, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa majani na mapori.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari hiyo, aliwafahamisha watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime kabla ya kulala. Tazameni hekima ya mafunzo haya. Aliwaelekeza kwenye kibatari na jiko, mahali ambapo moto ungali mdogo na mkono wa mtu mmoja waweza kuuzima.

Huenda msikilizaji akasema: leo dunia imeendelea, ziko ndege za kuzimia moto. Ni kweli. Ziko ndege ziitwazo Canadair ambazo hushuka juu ya ziwa au bahari, zikateka kiasi cha lita 6,000 za maji kwa muda wa sekunde 12, kisha zikaruka na kuyamwaga juu ya moto. Hiyo ni neema ya elimu, na anayeitumia kuokoa watu ana ujira wake. Lakini zingatieni yaliyotokea Los Angeles, Marekani, mnamo tarehe 7 Januari 2025. Katika nchi yenye mali na ndege nyingi, upepo ulivuma kwa nguvu hata ndege zikazuiwa kuruka usiku ule, na mitaa ikateketea. Majengo zaidi ya 16,000 yaliangamia, na miongoni mwake ulikuwamo msikiti wa Al-Taqwa katika mji wa Altadena. Siku mbili baadaye, mtu aliyetaka kutazama tu alirusha kijidege kisicho na rubani, kikagonga bawa la ndege ya kuzimia moto, na ndege ile ikabidi isimamishwe kazi. Udadisi wa mtu mmoja ukawapunguzia wenye haja msaada wao.

Nasi tunao mfano wetu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka juu ya Mlima Kilimanjaro. Taarifa za mwanzo za Shirika la Hifadhi za Taifa zilisema kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wao wakiwa na matawi, majembe na mapanga, na zikaungua yapata kilomita za mraba 95. Msidhani kwamba huo ni msiba wa watu wa Moshi peke yao. Misitu ya mlima ule hunasa maji ya ukungu na mvua, na maji hayo hulisha Mto Pangani unaoshuka hata pwani yetu. Chakula kilichopashwa mlimani chaweza kumgusa mwenye kiu aliye karibu na bahari.

Basi, tusingojee ndege. Mwenye kutaka kuchoma shamba na apate ruhusa, awaarifu majirani, alime ukanda mpana pembezoni, angojee saa ya utulivu, aweke watu na maji tayari, wala asiondoke mpaka majivu yapoe. Na moto ukishamshinda, apige 114, nambari ya Zimamoto, wala asione haya.

(Khatibu akae kidogo, kisha asimame.)

Alhamdulillah. Enyi Waislamu! Moto ukishazimika, wajibu haujesha. Toba ya aliyeunguza mali ya mwenzake haikamiliki kwa machozi ya msikitini peke yake, kwa kuwa hapo pana haki ya mja, na haki ya mja hurejeshwa kwa mwenyewe au huombwa msamaha wake. Ikiwa yuko mtu ajuaye kwamba moto wake ndio uliounguza, na hakuna aliyemwona, basi na aende leo kabla ya Magharibi. Kama hana mali, na atoe nguvu zake: akate miti, asuke makuti, apande mikorosho mipya, ambayo itachukua miaka kabla ya kuzaa.

Nasi jamaa tusiwaachie waliounguliwa pole tupu. Wapewe malazi, chakula na mbegu kabla ya mvua, na watoto wao wapatiwe madaftari wasikatike masomo.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu na mashamba yetu, uwafariji waliounguliwa, uwarehemu waliokufa, utupe moyo wa kukiri na kulipa, na utukinge na Moto wa Akhera. Amin. Wasalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.